Suguta Ilipokuwa Ziwa

Hotuba kwa wazee, wazazi na wanafunzi, Marigat, Baringo

Wazee wetu, akina mama, walimu wenzangu, vijana na wanafunzi, hamjambo. Asanteni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze habari ya maji, na si kazi rahisi kusimulia maji mbele ya watu ambao ziwa limewafuata hadi mlangoni. Wako hapa waliohama, wakajenga upya, kisha wakahama tena. Wako wanafunzi ambao darasa walilosomea kaka na dada zao leo limo ndani ya ziwa, mamba wanapita palipokuwa na madawati. Hayo mnayajua kuliko mimi. Ndiyo maana leo sitaanzia Baringo. Nitawachukua kaskazini, kwa jirani ambaye ziwa lake lilimwondokea, halafu tutarudi nyumbani.

Kabla hatujaondoka, nawapitishia vitu viwili. Katika kikopo hiki mna maganda ya konokono wa maji. Nimeyaokota asubuhi hii ufuoni, hapo Kampi ya Samaki. Yashikeni taratibu, yanavunjika upesi. Hiki kipande cheupe kilicho chepesi kama mkate mkavu ni udongo kutoka machimbo ya Kariandusi, kule karibu na Gilgil. Usipake usoni, kijana, tafadhali. Kishike tu uone kilivyo. Maganda na udongo huu nitavirudia baadaye.

Sasa twende. Ukitoka hapa Marigat, ukaliacha ziwa mkono wa kulia, ukapita Loruk na kuendelea kaskazini, unafika Kapedo, chini ya mlima Silali. Pale maji ya moto yanabubujika kutoka kwenye miamba na kuporomoka kama maporomoko ya kawaida, ila ukiyasogelea mvuke unakupiga usoni. Huo ndio mwanzo wa mto Suguta. Mto huu unakwenda kaskazini katika bonde lililo chini sana. Sisi hapa tuko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya Suguta iko chini ya mita 400. Joto la mchana hupita nyuzi 40. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300, na mwaka mwingine haifiki hata nusu yake. Mto unatambaa kwenye mchanga, matope makavu na mawe meusi ya volkano, na mwisho wake unafia katika kiziwa cha magadi kiitwacho Logipi. Heroe, wale ndege wa waridi tunaowaona Bogoria, huenda huko kula. Mbele ya Logipi kuna volkano iliyolala kukingama bonde zima, ambayo kwenye ramani inaitwa The Barrier. Nyuma ya volkano hiyo ndiko liliko Ziwa Turkana.

Wakenya wengi walilisikia jina la bonde hili kwa mara ya kwanza Novemba 2012, askari polisi zaidi ya 40 walipouawa huko karibu na Baragoi wakifuatilia ng'ombe walioibwa. Tangu siku hiyo magazeti yameliita Bonde la Mauti. Sitaki kuwapitia wale vijana kana kwamba hawakuwa watu. Walikuwa na mama zao, na baadhi ya mama hao wangali hai. Lakini nataka pia mjue kwamba jina hilo la mauti ni jipya sana kwa mahali hapo. Bonde hilo hilo lilikuwa ziwa.

Tena halikuwa dimbwi. Watafiti walioongozwa na mwanajiolojia Yannick Garcin walilipima bonde hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009.  Eneo la Ziwa la Suguta lilikuwa kilomita za mraba 2,150 hivi, yaani kaunti ya Nairobi mara tatu. Na kina chake, hapo ndipo mimi hushusha pumzi kila nikisema, kilikuwa mita 300. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, halifiki mita 90 mahali penye kina kuliko pote. Lichukue jengo la KICC la Nairobi, lisimamishe kwenye sakafu ya Suguta, panda la pili juu yake, na bado ungepiga mtumbwi juu ya paa lake bila kujua kuna kitu chini. Maji yote yalikuwa kilomita za ujazo 390. Bwawa la Masinga likijaa hadi ukingoni halifiki kilomita za ujazo 2. Ungehitaji kulimwaga Masinga mara 250 kujaza Suguta.

Nilifundisha jiografia miaka mingi kabla sijajua jambo hili. Linaniuma. Tunawafundisha watoto wetu meli zinavyopita katika Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini na mto St. Lawrence, wanachora malango ya maji ya huko wakiwa wamefumba macho, na ni vizuri wajue. Lakini mtoto wa Kapedo anatembea juu ya sakafu ya ziwa lililokuwa na kina karibu mara nne ya Victoria, na katika kitabu chake sakafu hiyo ni rangi ya kahawia tu, haina hata sentensi moja.

Mtu ataniuliza, mwalimu, unajuaje? Swali zuri, na nalitaka kwa watoto hasa.

Mara ya kwanza nilipofika huko niliona mistari kwenye miteremko ya vilima, mmoja juu ya mwingine. Nikamwambia kijana aliyetuongoza kwamba mbuzi wa huku wana njia nyingi. Akanitazama kwa upole, akasema njia ya mbuzi hupanda na kushuka, lakini tazama hii, imelala. Imezunguka kilima chote bila kupanda wala kushuka, kama alama ya maji ndani ya beseni. Alikuwa sahihi. Mistari ile ilichongwa na mawimbi. Maji yakikaa mahali kwa miaka mingi, mawimbi hula mwamba na kuacha mkato. Yakishuka yakakaa tena, yanakata mwingine chini. Suguta yote imezungukwa na ngazi hizo, na kokoto za ufuo ziko juu yake, zimeviringwa laini kama hizi zilizo ufuoni kwetu. Kokoto haziviringwi na upepo. Zinahitaji maji yanayokwenda na kurudi.

Jambo jingine, ambalo lilinifurahisha kuliko yote: wapimaji wenye vyombo makini wamegundua kwamba mistari hiyo, ambayo kila mmoja ulikuwa sawasawa kama meza siku mawimbi yalipouchonga, leo imepinda. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka, na ardhi imeinama polepole tangu ziwa liondoke. Kwa hiyo ufuo wa zamani umekuwa kama rula iliyosahauliwa juani, na kwa kuipima walipata kasi ya ufa wenyewe.

Sasa yale maganda. Upande wa mashariki, mto Baragoi umekata kuta ndefu za udongo uliotandazwa tabaka juu ya tabaka, mwembamba kama kurasa. Huo ni udongo wa chini ya ziwa. Ndani yake mna maganda ya konokono wa maji kama haya mnayoyapokezana. Kiumbe akiwa hai huchukua kaboni kutoka kwenye maji na hewa. Akifa, aina moja ya kaboni hiyo huanza kupungua mwilini mwake kwa kasi inayojulikana, nusu inaisha kila baada ya miaka 5,700 hivi. Ukipima kilichobaki kwenye ganda unajua konokono alikufa lini. Na huu udongo mweupe, kila chembe yake ni nyumba ya kioo ya kiumbe kidogo sana aitwaye daiatomu, aishiye kwenye maji yenye mwanga. Hakuna jicho linaloweza kumwona bila hadubini. Daiatomu wanapokufa wanazama, na wakizama kwa maelfu ya miaka wanafanya tabaka jeupe kama hili. Kila ukiona udongo wa namna hii katika Bonde la Ufa, vua kofia, umesimama chini ya maji ya zamani.

Hivyo ndivyo tunavyojua kwamba Suguta lilikuwa ziwa la kina kirefu kati ya miaka 16,500 na 8,500 iliyopita. Na halikuwa peke yake. Jangwa la Chalbi kule Marsabit lilikuwa maji. Turkana lilisimama kiasi cha mita 80 hadi 100 juu ya lilivyo leo, likafurika upande wa kaskazini magharibi, maji yake yakaingia Nile. Kwa njia kama hizo sangara alifika Turkana kwa miguu yake mwenyewe, kama naweza kusema hivyo juu ya samaki. Yule wa Ziwa Victoria alipelekwa na binadamu katika miaka ya 1950. Sehemu kubwa ya Sahara ilikuwa na nyasi, viboko na wavuvi, na Ziwa Chad lilipanuka likapita nusu ya ukubwa wa nchi yetu.

Na Suguta lilijazwa na nani? Hapa ndipo nilitaka tufike, wazee wangu. Lilijazwa na nyinyi. Baringo na Bogoria yalijaa yakawa maji mamoja, yakafurika kuelekea kaskazini, yakateremka Suguta. Suguta nalo likijaa lilimwaga Turkana, na Turkana likamwaga Nile. Mvua iliyoanguka kwenye miinuko ya Tugen ingeweza kufika Misri. Hadi leo mkondo huo haujakatika kabisa. Mmewahi kujiuliza kwa nini maji ya Baringo si ya chumvi, ilhali hakuna mto unaotoka ziwani? Bogoria jirani yake ni magadi matupu. Wajiolojia wanaeleza kwamba Baringo huvuja chini kwa chini, kupitia mipasuko ya miamba upande wa kaskazini, na kwamba sehemu ya maji hayo ndiyo hutokeza Kapedo yakiwa yamechemka. Ziwa lenu bado linapeleka maji kwa ziwa lililokufa zamani.

Nini kilileta mvua zile, na nini kiliziondoa? Watoto, mnaijua pia, ile ya kuchezea, inavyozunguka. Ikikaribia kuchoka, inaanza kuyumba, kichwa chake kinachora duara. Dunia nayo inayumba hivyo, polepole mno. Kuyumba huko hubadilisha majira ambayo dunia iko karibu zaidi na jua, na mzunguko mmoja huchukua kama miaka 21,000 hadi 23,000. Siku hizi tunalikaribia jua mwanzoni mwa Januari. Miaka 11,000 iliyopita tulilikaribia katikati ya mwaka. Majira ya joto ya upande wa kaskazini yakawa makali, bara likapata moto, hewa ikapanda, pepo zenye unyevu zikavutwa kutoka baharini kwenda ndani. Wanasayansi waliochunguza Suguta wanasema pia kwamba ile hewa nyevu ya Kongo, ambayo kwa kawaida huishia magharibi kwetu, ilisogea mashariki na kumwaga mvua juu ya miinuko yetu katika miezi ambayo leo ni mikavu.

Mtadhani kwamba kujaza kina cha mita 300 kulihitaji gharika. Walipopiga hesabu, walikuta kwamba mvua ilihitaji kuzidi ya leo kwa kiasi cha robo tu. Robo. Mahali panapopata milimita 800 papate 1,000. Mkulima wa Kabarnet angeona ni mwaka mzuri wa mahindi, basi. Lakini bonde ni jembamba na refu kwenda chini, linakusanya maji ya eneo kubwa sana, na maziwa ya juu yakishafurika yote yanamwagia humo. Mjerumani Martin Trauth, wa Chuo Kikuu cha Potsdam, na wenzake waliyafananisha maziwa ya namna hii na kipaza sauti: mvua inanong'ona, ziwa linapiga kelele.

Kipaza sauti hakichagui. Kinakuza kushuka kama kinavyokuza kupanda. Mvua iliporudi chini, Baringo likaacha kufurika, mnyororo ukakatika, na Suguta likabaki na jua lake. Watafiti wanaandika kwamba baada ya miaka 8,500 iliyopita ziwa lilitoweka ghafla. Nimekaa nalo neno hilo, ghafla. Katika joto kama lile, ziwa lisilolishwa hupoteza zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka kwa kuvukizwa na jua. Pigeni hesabu nami: mita 300 kwa mita 2 kila mwaka ni miaka 150. Hiyo ni hesabu ya kutokuwa na tone hata moja linaloingia, kwa hiyo mambo yenyewe yalichukua muda zaidi. Lakini fikirini ukubwa wa kipindi hicho. Mtoto anaweza kukaa juu ya mwamba akimsikiliza bibi, na bibi akisema, mimi nikiwa kama wewe, maji yalikuwa pale juu ya vichwa vyetu, na bibi yangu mimi alipapiga mtumbwi.

Maana watu walikuwepo. Watu waliishi kando ya maziwa haya, na wavuvi wake hawakutumia nyavu za nailoni. Kuzunguka Turkana, kwa mfano pale Lothagam, zimepatikana chusa za mifupa: kipande cha mfupa kilichochongwa meno upande mmoja, cha kufungwa kwenye mti ili samaki akichomwa asichomoke. Zimekutwa mahali ambapo leo huwezi kupata maji ya kunawa mikono. Nikiziona namkumbuka mzee wa Kiilchamus niliyemkuta ziwani miaka ile, amekaa kwenye mtumbwi wake wa mti wa ambachi, miguu imo majini, mkuki mkononi, akimsubiri kamongo bila kutikisika. Nilifikiri ningemchukua mzee huyo nikamrudisha miaka 10,000 nyuma, angeuliza tu nipe mfupa mzuri.

Lakini nisiwapambie. Kuna mahali paitwapo Nataruk, kusini magharibi mwa Turkana, kama kilomita 30 kutoka maji yalipo sasa. Wakati ule palikuwa ukingo wa wangwa, pazuri, samaki tele. Mwaka 2012 timu ya Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge iliikuta mifupa ya watu 27 pale, na habari yao ikachapishwa Januari 2016. Waliuawa miaka kama 10,000 iliyopita. Hawakuzikwa, walilala walivyoanguka. Mafuvu yalikuwa yamevunjwa, na kwenye mifupa ya mmoja wao ncha ya jiwe ilikuwa ingali imekwama. Mwanamke mmoja alikuwa na mimba kubwa. Mikono yake ilikaa kana kwamba ilikuwa imefungwa.

Mwaka 2012 ndio ule ule wa Baragoi. Nimezoea kusikia kwenye mikutano kwamba ukame ndio unaowapiganisha watu wetu, na mvua ikinyesha tutapatana. Wale wa Nataruk hawakufia kwenye ukame. Walifia penye maji mengi kuliko wakati wowote tunaoujua katika ardhi hiyo, samaki wakiwa hatua chache kutoka walipolala. Kwa hiyo mimi siamini tena kwamba mvua pekee italeta amani Kapedo. Nasema hivi mbele ya wazee wa pande zote, na nasema kwa heshima.

Maziwa yalipoanza kukauka watu walifanya nini? Hapo nina habari nyingine, na imenitia moyo. Miaka 5,000 hivi iliyopita, wakati Turkana linashuka na fukwe zinakimbia, wafugaji wa kwanza walioingia eneo lile walijenga makaburi ya pamoja Lothagam. Waliinua jukwaa kubwa la mawe, upana wake karibu mita 30, wakasimamisha nguzo za mawe meusi, na ndani wakawazika watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580. Utafiti ulioongozwa na Elisabeth Hildebrand na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, wote pamoja, na karibu kila mmoja ana shanga au pambo lake. Hapakuwa na kaburi la mkubwa lililojitenga. Ufuo uliwakimbia, malisho yakabadilika kila mwaka, nao wakachagua mahali pamoja pa kurudi wote. Nguzo kama zile ziko hata kando ya barabara ya Kalokol, na Waturkana huziita Namoratunga, watu wa mawe. Wazee wa huko husimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe kwa kumcheka mgeni. Mkienda Lodwar, simameni pale, lakini msigeuze wala kuokota kitu.

Sasa turudi nyumbani.

Tangu mwaka 2010 hivi maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda: Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha, Turkana. Kufikia mwaka 2020 hapa kwetu maji yalikuwa yamemeza nyumba, mashamba, hoteli, shule na vituo vya afya. Mvua iliyoongezeka ndiyo sababu kubwa inayotajwa, pamoja na udongo unaoshuka kutoka miinuko tuliyoinyoa miti. Baringo na Bogoria yalisogeleana hadi watu wakaanza kuogopa kwamba maji ya magadi yatamwagika kwenye maji matamu na kuua samaki. Nimewaeleza kwamba maziwa hayo yaliwahi kuwa maji mamoja. Sisemi ili kuwafariji. Mtu aliyepoteza shamba hafarijiwi na habari za miaka 10,000 iliyopita. Nasema kwa sababu tulijenga tukidhani ufuo tuliouona utotoni ndio mpaka wa ziwa. Wazee walioshuhudia mvua za Uhuru za mwaka 1961 wanajua mambo hayo: Ziwa Victoria peke yake lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache na halikurudi chini haraka. Wengine wetu tulizaliwa baadaye, katika miaka mikavu, tukalima na kujenga ndani ya beseni.

Na asitokee mtu akaichukua habari ya Suguta akasema, basi, tabianchi hubadilika yenyewe tangu zamani, hakuna la kufanya. Kule kuyumba kwa dunia kunatumia maelfu ya miaka. Hewa ya ukaa, ambayo kabla ya viwanda ilikuwa sehemu kama 280 katika kila sehemu milioni za hewa, leo imepita 420, na imefanywa hivyo na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa katika muda usiozidi sana yale maisha ya bibi na mjukuu niliyowahesabia. Wengi wa waliovichoma hawajui Marigat iko wapi. Suguta linatuonyesha kipaza sauti chetu kilivyo kikali. Mkono ulio kwenye kitufe chake safari hii ni mwingine.

Ninachowaomba ni kidogo na kinawezekana. Kwanza, wazee na akina mama: kila mmoja wenu anajua maji yalifika mti gani, jiwe gani, boma la nani, mwaka gani. Wakati wa watoto wa shule kuja kuwauliza, waambieni, hata kama mnaona ni mambo madogo. Waliosoma Suguta walilazimika kupima maganda ya konokono kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuwaambia. Sisi bado tunaye. Alama hizo tutazipaka rangi kwenye miti na mawe, na mwaka uandikwe kando yake, ili anayetaka kujenga aone mwenyewe maji yalifika wapi.

Pili, mvua. Hapo mezani kuna vipimamvua 12, vimenunuliwa kwa michango ya walimu na wazazi. Kila shule itachukua kimoja na daftari moja. Kisimame mahali pa wazi, mbali na mti na paa, mbuzi wasikifikie. Atakayechaguliwa atakisoma kila siku saa tatu asubuhi, atayamwaga maji, ataandika tarehe na milimita, na atatia jina lake. Siku ambayo hakuna mvua ataandika sifuri, maana nafasi iliyoachwa tupu haituambii kama mvua haikunyesha au msomaji hakuamka. Likizo ikifika, daftari linapelekwa kwa jirani wa shule, lisikae kabatini.

Yale maganda yamefika wapi? Haya, rudisheni yote kikoponi, nitayarudisha ufuoni nikipita. Mwanafunzi wa kwanza kutoka kila shule aje hapa mbele apokee kipimamvua, na tukutane kesho saa tatu.